Shule ya marubani wa helikopta Fort Rucker: mwanafunzi atarajie nini

Kijana akiambiwa amekubaliwa kusomea urubani wa helikopta katika jeshi la Marekani, picha inayomjia ni yake mwenyewe akiwa ameshika usukani. Kwa kweli, miezi ya mwanzo helikopta ataziona zikipita juu ya kichwa chake. Fort Rucker, kusini mwa jimbo la Alabama, ndiko jeshi la nchi kavu la Marekani linakofundishia marubani wake wa helikopta. Anayeingia pale hukaa mwaka mmoja hadi mwaka na nusu, wengine hata miaka miwili, kabla ya kuvishwa beji ya mabawa. Sehemu kubwa ya muda huo inakwenda kwenye kusoma, kukariri, kupimwa na kusubiri.

Nawaandikia hasa vijana wetu walioko Marekani wanaoitamani kazi hii, na wazazi wao wanaoshindwa kuelewa kwa nini mtoto aliyekwenda "kujifunza kurusha ndege" anapiga simu akizungumzia bwawa la kuogelea na mitihani ya kila asubuhi. Wanaorudishwa nyumbani si lazima wawe na mikono mibovu. Wengi hukwama kwa sababu akili inasimama pale mambo matano yanapotokea kwa wakati mmoja, na shule nzima imepangwa kuupima udhaifu huo na kuuondoa.

Kambi yenyewe ilifunguliwa mwaka 1942, na shule ya urubani ikahamia pale mwaka 1954 kutoka Fort Sill, Oklahoma. Ukikutana na jina la Fort Novosel usidhani ni shule nyingine. Kambi hii iliitwa hivyo kuanzia 2023 hadi 2025, kisha jina la Rucker likarudishwa.

Kuna milango miwili ya kuingilia. Wa kwanza ni wa maofisa wenye kamisheni, yaani luteni aliyepitia chuo cha kijeshi cha West Point, mafunzo ya kijeshi ya chuo kikuu au shule ya maofisa. Wa pili ni wa maafisa wateule, na hapo msomaji wa Tanzania au Kenya aangalie vizuri. Kwetu afisa mteule ni askari aliyepanda vyeo kwa miaka mingi mpaka akafika pale. Katika urubani wa jeshi la Marekani, kijana mwenye cheti cha sekondari tu anaweza kuomba moja kwa moja kutoka uraiani, akafaulu na kuwa afisa mteule akiwa na miaka ishirini na kitu. Yeye ni ofisa wa utaalamu, na utaalamu wake ni kuruka. Luteni ataruka miaka kadhaa, kisha atapandishwa cheo na kuanza kuongoza watu, mipango na makaratasi. Afisa mteule hubaki kwenye helikopta sehemu kubwa ya maisha yake ya kazi. Kwa maoni yangu, anayependa kuruka kuliko kuongoza achague mlango huu wa pili bila kusita.

Jambo linalowakwamisha wengi wetu ni uraia. Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu anaweza kujiunga na jeshi kama askari wa kawaida, lakini hawezi kuwa ofisa wala afisa mteule mpaka awe raia wa Marekani. Kwa hiyo njia ya kawaida kwa mtu aliyezaliwa Mombasa, Mwanza au Bukavu ni kuanza kama askari, kupata uraia kupitia utumishi wake, kisha kuomba urubani akiwa tayari ndani ya jeshi. Atajaza pia fomu ndefu ya uchunguzi wa usalama inayouliza habari za ndugu walioko nje ya nchi. Kuwa na mama Kigoma si kosa, na kumficha ndiko kunakoharibu. Andika kila jina, kila safari, kila anwani.

Kabla ya yote kuna mtihani unaoitwa SIFT. Alama zake zinaanzia 20 mpaka 80, na ya kufaulu ni 40. Una hesabu, ufahamu wa kusoma, maarifa ya mitambo, maswali ya jinsi helikopta inavyoruka, na sehemu za kupima kasi ya macho: michoro 100 unayotakiwa kuipitia kwa dakika mbili ukitafuta ule usiofanana na wenzake. Upo pia mchezo wa picha, ambapo unaonyeshwa ardhi kama inavyoonekana kutoka kwa rubani, nawe useme ndege imeinamia wapi na inaelekea nchi kavu au baharini. Sharti moja linawashangaza wengi: ukishafaulu, huruhusiwi kurudia ili kuongeza alama. Aliyepata 41 ataomba nafasi na 41 yake, akishindana na mwenye 65. Usiende kuujaribu tu uone ulivyo.

Vipimo vya afya ni vikali na vinachukua muda. Wanapima macho, masikio, moyo, urefu wa mikono na hata urefu wa kiwiliwili ukiwa umekaa, kwa sababu viti vya helikopta havirekebishwi kwa kila mtu. Kuvaa miwani si mwisho wa safari, ila kuna kiwango ambacho macho hayatakiwi kuwa mabaya kuliko hapo bila miwani. Wasichana nao wasijitoe mapema. Sally Murphy alihitimu hapa hapa mwaka 1974 kama mwanamke wa kwanza rubani wa helikopta katika jeshi hilo, na leo wanawake wanarusha kila aina, pamoja na zile za mashambulizi.

Aliyetoka uraiani atapita kwanza mafunzo ya awali ya askari, kisha shule ya maafisa wateule, ambayo iko Fort Rucker. Huko ni kwata, usafi, ukaguzi na kunyimwa usingizi, na anayejua maisha ya Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) la Tanzania hatakuta la kumshangaza sana. Baada ya hapo watu hudhani sasa wanaruka. Bado.

Kwanza kuna kozi ya karibu wiki tatu inayoitwa SERE, ya namna ya kuishi porini, kumkwepa adui, kuvumilia ukitekwa na kutoroka. Mengi yanayofanyika humo hayasimuliwi, na ni sawa yasisimuliwe. Ninaloweza kusema ni kwamba wengi hutoka wamepungua uzito na wameongezeka subira.

Halafu kuna bwawa. Helikopta ikianguka majini hupinduka, kwa sababu injini na mitambo mizito yote iko juu. Kwa hiyo shule ina chumba cha chuma kilichotengenezwa kwa umbo la ndani ya helikopta, kinachoning'inizwa juu ya maji. Wanafunzi wanafungwa mikanda, chumba kinashushwa, maji yanapanda magotini, kifuani, shingoni, unavuta pumzi ya mwisho, kisha kinageuzwa miguu juu kichwa chini. Maji yanaingia puani. Kulia na kushoto vimebadilishana. Kanuni ni hii: kabla ya kuzama, mkono mmoja ushike kitu ambacho unajua kiko wapi kutoka kwenye mlango wako. Subiri mpaka mzunguko wote usimame. Mkono wa pili utafute njia ya kutokea na uishike. Hapo tu ndipo unafungua mkanda. Anayefungua mkanda mapema anaelea hovyo, hajui juu wala chini, na anaanza kupiga mateke wenzake. Mnarudia, na raundi za mwisho mnavaa miwani iliyotiwa weusi ili msione kitu kabisa. Wapo wazamiaji wa kuokoa pembeni, na asiyejua kuogelea vizuri atafundishwa. Ila nawasihi vijana waliokulia bara, mbali na maji: jifunzeni kuogelea kabla ya kwenda. Anayeogopa maji atatumia nguvu zote kupambana na hofu, na kanuni ile atakuwa ameisahau.

Katikati ya kozi hizi zote mnasubiri. Darasa lenu halijapata nafasi, helikopta ziko matengenezo, au ni kiangazi cha Alabama na radi za mchana zimefunga anga. Mtu anaweza kukaa wiki, hata miezi, akiripoti asubuhi na kutumwa kazi ndogondogo. Mshahara unaingia, familia inaweza kuishi naye katika miji ya karibu kama Enterprise, Daleville au Ozark, lakini moyo unachoka. Wanaoutumia muda huo kukariri kitabu cha helikopta ndio watakaopumua baadaye.

Kitabu hicho kina sura mbili ambazo kila mwanafunzi anazijua kwa namba: ya tano, yenye mipaka ya helikopta, na ya tisa, yenye hatua za dharura. Unazikariri neno kwa neno. Kuna tofauti kati ya hitilafu inayokutaka utue mahali pa kwanza panapofaa na ile inayokuruhusu kufika kiwanja chenye mafundi, na tofauti hiyo imeandikwa kwa maneno maalumu ambayo huruhusiwi kuyabadilisha. Asubuhi, darasa likiwa limekaa, mkufunzi anamtaja mtu jina. Anasimama. Anaambiwa: uko futi 500 juu ya msitu, taa ya moto wa injini namba moja imewaka, endelea. Anatakiwa kusema kila hatua kwa mpangilio, mbele ya wote, bila kusita. Akikwama anakaa, na siku hiyo huenda asiruke. Wengine huona ni ukatili. Mimi naona ni haki kabisa, kwa sababu aliyeshindwa kulisema jambo akiwa amesimama kwenye sakafu hataliweza akiwa angani huku mashine inatikisika na redio inaita.

Kila mkufunzi huwa na wanafunzi wawili wanaopokezana kwenye usukani, na huyo mwenzako ndiye utakayesoma naye usiku na kupimana naye. Wengi wa wakufunzi wa awamu ya kwanza ni marubani wastaafu wenye maelfu ya saa. Kabla ya safari ya kwanza kuna desturi ya zamani: mwanafunzi anampa mkufunzi sarafu ya senti tano iliyotolewa mwaka aliozaliwa yeye mwanafunzi.

Halafu mnaruka, na hapo wengi hugundua kwamba helikopta haifanani na chombo chochote walichowahi kuendesha. Mkono wa kushoto uko kwenye wenzo. Ukiuvuta, mapanga yote ya juu hubadilisha pembe kwa pamoja na helikopta inapanda. Mkono wa kulia uko kwenye fimbo iliyo kati ya magoti, inayokupeleka mbele, nyuma na kando. Miguu iko kwenye pedeli zinazoongoza panga dogo la mkiani, ambalo kazi yake ni kuzuia mwili wa helikopta usizunguke kinyume cha mapanga makubwa. Tatizo ni kwamba hakuna kimoja kinachofanya kazi peke yake. Ukivuta wenzo, pua inataka kugeuka, kwa hiyo unakanyaga pedeli. Msukumo wa panga la mkiani ukibadilika, helikopta inateleza kando, kwa hiyo unasogeza fimbo. Ukisogeza fimbo, sehemu ya nguvu ya kupanda imepotea, kwa hiyo unarudi kwenye wenzo.

Kusimama hewani futi chache juu ya nyasi ndiko kunakowatesa watu zaidi wiki za mwanzo. Mkufunzi huanza kukupa kitu kimoja kimoja: leo pedeli tu, yeye ana vingine. Akikuachia vyote vitatu, helikopta inaanza kuyumba huku na huku, kila unaporekebisha unakuwa umechelewa na umezidisha, na yumbo linaongezeka. Aliyewahi kubeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika anajua dawa yake: unatazama mbali, shingo inarekebisha kidogo kidogo kabla maji hayajacheza, na ukianza kuifikiria ndoo, unalowa. Wanafunzi hushika fimbo kwa nguvu mpaka vidole vinakufa ganzi, na mkufunzi anarudia neno lile lile: legeza. Siku moja tu, bila kujua umefanya nini tofauti, inasimama. Karibu kila mtu hupitia hivyo, kwa hiyo asiyeweza katika safari tano za kwanza asijihukumu.

Kingine utakachokihisi mwilini ni pale helikopta inapoanza kwenda mbele na kufika mwendo wa noti 16 hadi 24, yaani karibu kilomita 30 hadi 45 kwa saa. Inatetemeka, kisha inanyanyuka yenyewe kama vile imetuliwa mzigo, kwa sababu mapanga yameacha kukoroga hewa yao wenyewe na sasa yanakutana na hewa safi.

Helikopta ya kujifunzia kwa miaka ya karibuni ni UH-72A Lakota, yenye injini mbili na mitambo ya kisasa inayomsaidia rubani kuituliza. Ilichukua nafasi ya TH-67, mashine ndogo ya injini moja isiyo na msaada wowote wa namna hiyo. Marubani wengi wa zamani hawakufurahi, na nakubaliana nao. Mashine ndogo ilikuwa ikimfundisha mwanafunzi kushuka bila injini: unashusha wenzo mara moja, hewa inayopanda kutoka chini inaendelea kuzungusha mapanga, karibu na ardhi unainua pua kuua mwendo, kisha unavuta wenzo kwa mara moja tu na kutua kwa mzunguko uliobaki. Hakuna nafasi ya pili ya kuvuta. Somo hilo linamfanya mtu aielewe helikopta mpaka mifupani. Jeshi lenyewe limeanza mpango wa kurudi kwenye helikopta rahisi ya injini moja kwa mafunzo ya mwanzo, kwa hiyo atakayeingia miaka ijayo anaweza kukuta mashine nyingine.

Awamu inayofuata ni ya kuruka kwa vyombo, na hapa waliokuwa hodari kwa mikono hushtuka. Sehemu kubwa iko kwenye mashine za kuigiza urukaji, zilizoko ardhini. Nje huoni kitu, na unachokitegemea ni saa za vipimo na skrini zilizo mbele yako, huku mwongoza ndege akikupa mwelekeo, kimo na masafa ya redio kwa mkupuo mmoja. Ukiwa ndani ya wingu, maji yaliyo katika sikio la ndani hukudanganya. Helikopta ikianza kuinama polepole hutaisikia, na ukiirudisha sawa ghafla mwili utaapa kwamba sasa ndiyo umeinama upande wa pili. Marubani wazuri wamekufa kwa kuusikiliza mwili.

Ndiyo maana mwanafunzi hukaririshwa la kufanya akijikuta amezama winguni bila kutarajia: sawazisha helikopta isiiname, shika mwelekeo wako na usigeuke isipokuwa kukwepa kizuizi unachokijua, weka nguvu ya kupandia, weka mwendo wa kupandia. Kwa mpangilio huo huo. Usishuke kutafuta ardhi. Kishawishi cha kushuka kidogo "nione barabara" ndicho kinachoua, na itabidi ufundishwe kukikataa mpaka mkono wenyewe ukatae.

Baada ya vyombo unarudi chini kabisa, karibu na miti, na ramani ya karatasi mapajani. Mnajifunza kutua kwenye uwazi mdogo msituni, kupima upepo, kuruka helikopta mbili mbili. Kisha usiku unaingia na miwani ya kuonea gizani. Inaning'inia kwenye kofia, dunia inakuwa ya kijani, na upana wa kuona ni nyuzi 40 tu, kwa hiyo kichwa hakitulii, kinapekua kulia na kushoto muda wote. Kibaya zaidi, miwani hiyo inakupokonya uwezo wa kukadiria umbali. Mti unaodhani uko mbali unaweza kuwa karibu. Nyaya za umeme hazionekani kabisa, kwa hiyo unatafuta nguzo na kuamini kwamba nyaya zipo.

Kila awamu inafungwa kwa mtihani wa maswali na wa kuruka pamoja na mkufunzi ambaye hukuzoea kuruka naye. Ukianguka unapewa safari za ziada na nafasi nyingine, ukianguka tena unaweza kurudishwa darasa la nyuma, na wachache hufika mbele ya bodi ya kuondolewa. Kurudishwa darasa si aibu, na katika vikosi wapo marubani wazuri waliorudishwa.

Alama hizo zote zinaamua jambo moja ambalo wanafunzi huliwaza tangu siku ya kwanza: utapewa helikopta gani. Orodha inapangwa kwa ufaulu, nafasi zinaandikwa ubaoni kulingana na mahitaji ya jeshi wiki hiyo, na wa kwanza anachagua kwanza. Black Hawk ya kubeba askari na majeruhi ndiyo nyingi. Chinook yenye seti mbili za mapanga makubwa mara nyingine ina nafasi moja au mbili tu. Apache ni ya mashambulizi. Unaweza kuwa wa pili darasani ukakuta uliyoitaka haipo kabisa.

Wa Apache wana jaribu lao la pekee. Mbele ya jicho la kulia kinawekwa kioo kidogo chenye picha inayotoka kwenye kamera ya joto iliyoko puani mwa helikopta, mbele na chini ya alipokaa rubani, inayogeuka kila anapogeuza kichwa. Jicho la kushoto linaona chumba cha rubani, la kulia linaona dunia kutoka mahali ambapo mtu mwenyewe hayupo. Katika mafunzo, vioo vyote vya chumba chake hufunikwa asione nje, naye anatakiwa kuinua, kusimama hewani na kutua kwa jicho hilo moja. Siku za kwanza wengi huumwa kichwa, maana ubongo hautaki kukubali picha mbili. Baadaye unakubali.

Wazazi huniuliza kuhusu hatari, na siwezi kuwadanganya. Wakenya hawajasahau Aprili 18, 2024, helikopta ya jeshi ilipoanguka Elgeyo Marakwet ikamuua Mkuu wa Majeshi ya Kenya, Jenerali Francis Ogolla, na wenzake. Marekani nako, Januari 29, 2025, Black Hawk iligongana na ndege ya abiria mjini Washington, wakafa watu 67. Mafunzo haya yamepunguza hatari kwa kiasi kikubwa, hayajaiondoa. Mzazi akijua mtoto wake anakaririshwa nini, na kwa nini, angalau atakuwa anahofia mambo halisi.

Mwisho, mkataba. Kwa miaka mingi rubani alidaiwa utumishi wa miaka 6 baada ya mafunzo. Tangu 2020 ni miaka 10, na haihesabiwi tangu siku ya kusaini wala siku ya kuanza shule, bali tangu siku ya kumaliza. Aliyeanza safari hii akiwa na miaka 24 na kuvishwa mabawa akiwa na 26 atakuwa huru kuondoka akiwa na 36, pengine na watoto waliokwisha hama kambi mara tatu au nne. Kama ana mchumba, wakae wakisome kipengele hicho pamoja kabla hajasaini.